Mtu Aliyesoma Hashindwi na Ubao

Jumatatu, 6 Agosti

Siku ya kwanza ya likizo. Imedumu hadi kikombe cha pili cha chai.

Mke wangu ametangaza, huku akikoroga chai kama mtu anayekoroga kesi, kwamba mama yake anakuja Jumapili. Macho yanamsumbua. Daktari anataka kumwona kila wiki kwa miezi mitatu. Atalala chumba cha nyuma.

Nikauliza, kwa upole wa kitaaluma, vitabu vyangu vitalala wapi. Maana chumba cha nyuma ndimo vinamoishi: vitabu mia sita na kumi na moja, juu ya sakafu, katika minara kumi na minne iliyopangwa kwa mantiki ambayo hakuna mtu humu ndani aliyewahi kuniuliza.

Jibu alikuwa nalo tayari. Ukuta wa ukumbi mzima hauna kitu. Vitabu viwe kwenye rafu kabla ya Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Kama sivyo, anampa muuza karanga wa pale kituoni, ambaye hajawahi kukataa karatasi. Angalau huko, alisema, watu watavishika mkononi.

Miaka thelathini ya kukusanya! Historia, falsafa, mabishano ya wafu waliokuwa na akili! Na nakala mia mbili za kijitabu changu mwenyewe, Hoja Arobaini Dhidi ya Uvivu wa Fikra, ambacho umma bado haujakua vya kutosha kukisoma. Vyote vikafungie karanga!

Binti yetu, anayesomea uuguzi na kutazama ugomvi wetu kama mtazamaji wa mpira, alisema bibi naye ana haki ya kulala. Msaliti.

Kabla sijamaliza kuujenga utetezi wangu, shemeji akaingia. Mdogo wake mke wangu. Seremala, karakana yake iko mtaa wa pili. Watu wanamwita Milimita, kwa sababu mlango ukikosea milimita moja anaomboleza kana kwamba kafiwa. Ni wazi aliitwa mapema. Njama! Aliutazama ukuta, akakuna kidevu, akasema ni kazi ya siku mbili tu, shemeji, wewe pumzika na likizo yako.

Nipumzike! Mimi niliyeandika gazetini, mwaka jana, ukurasa wa nane, chini ya tangazo la magodoro, kwamba ufundi si chochote ila siri ndogo zinazolindwa na watu wenye penseli sikioni! Nikipokea rafu kutoka kwa mtu mwenye penseli sikioni, nimekwisha kifikra.

Nikatamka kwamba nitazitengeneza mwenyewe. Shemeji akauliza, kwa adabu iliyopita kiasi, nitatumia msumeno gani.

Nikajibu: wenye meno.

Alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. Alikaa juu ya mnara wa historia.

Jumanne, 7 Agosti

Mbao zimeletwa. Ziko uani, saba, zinanuka vizuri, hazina habari ya kinachokuja.

Nikaenda duka la vifaa. Mwenye duka ni mwanamke mfupi aliyekaa nyuma ya kaunta kama hakimu. Nikamwambia nataka msumeno. Akaniuliza nakata au napasua.

Ninajua mtego wa kimantiki nikiuona. Nikamwambia kukata na kupasua ni kitendo kimoja kilichopewa majina mawili ili kiuzwe mara mbili. Hakutikisika. Alisema ubao una nyuzi, kama nyama. Ukifuata nyuzi, unapasua: hapo unataka meno makubwa, machache, yanayokwangua kama patasi. Ukizikatiza nyuzi, unakata: hapo unataka meno madogo, mengi, makali kama visu, la sivyo utang'oa nyuzi badala ya kuzikata. Kisha akaniuliza natengeneza nini. Rafu, nikasema. Basi unakata, akasema, chukua huu. Akanyoosha kidole kwenye msumeno wenye vijino vya mjusi.

Nitembee mtaani na kitu hicho? Ukutani palining'inia mwingine, mrefu kama mkono wangu, meno kama ya mamba. Huo! Akasema huo ni wa kupasua. Nikasema ndiyo, nimekuja kupasua. Mtu akikuona umebadili mawazo dukani, kesho atakubadilisha dini.

Aliuliza kama nina vibano vya kushikia ubao. Nikamwonyesha mikono yangu miwili. Aliuliza kama nina miwani ya kukinga macho. Nikagusa niliyovaa. Akasema, "Hiyo inakukinga na maandishi madogo, mzee, haikukingi na vipande."

Mzee! Nina miaka hamsini na mbili.

Mchana, jaribio la kwanza. Nilichora mstari, nikamweka Mamba, ndivyo nilivyouita ule msumeno, juu yake, nikasukuma kwa nguvu zote za mtu mwenye haki. Mamba akaruka, akatua kidole kimoja kando, akaanza njia yake. Nikamrudisha. Akapinda. Baada ya robo saa kipande kilianguka chenyewe, bila ya kunisubiri. Upande wa chini ulikuwa umechanika kama mkate uliogombewa na mbwa wawili. Mstari wangu ulikuwa bado upo, mzima, haujaguswa, unanitazama.

Nimechunguza. Msumeno hauna kosa. Ubao ndio wenye msimamo wa kihafidhina.

Jumatano, 8 Agosti

Mbao nzima zimebaki tano. Ya pili imekuwa fupi kwa upande mmoja na ndefu kwa mwingine, jambo ambalo sikujua kuwa linawezekana.

Leo niliamua tatizo ni kwamba ubao unachezacheza. Sio kwamba nahitaji vibano. Hapana. Nahitaji mamlaka. Nikaulaza juu ya kigoda cha jikoni, nikaupigia goti, nikakiweka kidole gumba cha kushoto kando ya mstari ili kimwongoze Mamba. Niliona Milimita akifanya hivyo hivyo siku moja.

Kumbe Milimita huanza kwa kuvuta taratibu, mara tatu nne, mpaka kijia kipatikane, ndipo asukume. Na kidole hukikunja, na hukiweka juu, mbali na meno, na hukiondoa mapema. Haya yote nimeambiwa baadaye. Hakuna aliyeyaandika popote nilipowahi kusoma.

Kucha imepasuka. Damu kidogo, makelele ya kutosha. Binti alifika na sanduku lake kama mtu aliyekuwa akingoja zamu. Alisafisha, akafunga, akaniambia nina bahati, maana kucha huota. Alilisema neno "kucha" kwa mkazo ambao sikuupenda.

Mke wangu hakuuliza habari ya kidole. Aliuliza habari ya kigoda. Kwenye kigoda sasa pana mfereji, si mkubwa, wa kutosha kupitisha maji. Kigoda hicho alipewa na mama yake. Nikajaribu kumweleza kuwa alama za kazi ndizo historia ya kifaa. Akasema zimebaki siku tatu, baba watoto, na akanitajia kwamba muuza karanga amemuuliza kama vitabu vina majalada magumu.

Amemuuliza! Yaani wameshazungumza!

Basi, mkakati. Mkono umeshindwa, mashine itashinda. Milimita ana msumeno wa umeme, ule wa duara, unaokata ubao kama unavyokata usingizi wa mtaa. Hawezi kuniazima nikimwomba. Lakini kila mtu ana mlango wake, na mlango wa fundi ni sifa.

Nilimkuta karakanani, unga wa mbao hadi kwenye nyusi. Nikamwambia nimebadili mawazo kuhusu mafundi (uongo), kwamba mhariri ameniomba makala ndefu ya kuwatetea (uongo mkubwa), na kwamba nahitaji kukaa na chombo chake nyumbani siku mbili ili nikielewe kwa undani (karibu kweli). Macho yakamlegea. Akauliza kama jina lake litaandikwa. Nikasema kwa herufi nzito.

Alinikalisha kitako akaniandikisha masharti. Kweli, aliniandikisha, kwenye daftari langu, kama mwanafunzi aliyechelewa. Chomoa plagi kabla hujagusa bapa, yaani lile duara lenye meno. Shati lisiwe na mikono mipana, shingoni pasining'inie kitu. Usivae glavu, zitavutwa na mkono uingie nazo. Vaa miwani ya kinga, ziba pua. Waya upite nyuma yako. Ubao ubanwe. Bapa litokeze kidogo tu chini ya ubao, lisizame lote. Usisimame nyuma yake moja kwa moja, simama kando. Lisubiri lisimame kabisa ndipo uiweke mashine chini. Nikamuuliza kama kuna sharti la kupumua. Akasema ndiyo, pumua kabla ya kuwasha, kwa sababu wengi husahau.

Kisha akafungua mashine, akalitoa bapa, akalitundika ukutani, akanikabidhi iliyobaki. Kwa kutazama tu, shemeji, bapa la nini?

Nimerudi nyumbani nimebeba kitu kinachonguruma bila kuuma. Kama mhariri wangu.

Alhamisi, 9 Agosti

Mwenye duka la vifaa ana mabapa. Aliuliza ni ya mashine gani na ya kazi gani. Nikamjibu yote mawili kwa usahihi, kwa kuwa nilikuwa na mashine chini ya kwapa. Akanipa bapa la mbao. Akasema nisome mshale. Nikamwambia mimi ni msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, nimesoma kwa miaka ishirini na sita, sihitaji kukumbushwa kusoma.

Nyumbani nikalitoa kwenye karatasi. Upande mmoja safi. Upande wa pili umejaa jina la kampuni, kubwa, jekundu, pamoja na nyota tano ambazo kampuni imejitunuku yenyewe. Sasa: nimepigana na matangazo ya biashara tangu ujana wangu. Nimeandika barua kumi na saba. Siwezi kusimama uani kwangu, kwa mkono wangu, niwazungushie jirani zangu nembo mara elfu kwa dakika. Nikaligeuza. Nembo ndani, uso safi nje. Ushindi mdogo, lakini wa kanuni.

Plagi sikuichomoa. Soketi iko nyuma ya kabati.

Nikawasha. Mngurumo! Nikausogeza kwenye ubao. Haukukata. Nikasukuma. Ukapiga kelele ya mbuzi. Nikasukuma zaidi. Moshi. Mweupe kwanza, halafu wa kahawia, halafu wenye harufu ya mazishi. Nikaona ni hatua ya lazima, kila mabadiliko makubwa huanza kwa moshi. Jirani wa kulia aliuliza kwa juu ya ukuta kama ninachoma takataka. Wa kushoto hakuuliza, alimwaga ndoo ya maji.

Maji. Na umeme. Binti alipita kama upepo, akaingiza mkono nyuma ya kabati, akachomoa. Kukawa kimya. Alikuwa na sauti ndogo sana aliponiambia niweke kile kitu chini, baba, na niondoke kwenye maji. Niliondoka kwa sababu nilikuwa nataka kuondoka.

Kisha akakitazama. Juu ya kifuniko cha mashine pana mshale. Juu ya bapa, chini ya nembo, pana mshale pia. Mishale hiyo yafaa ifuate njia moja. Nilikuwa nimefunga meno yakitazama nyuma, kwa hiyo bapa lilikuwa linausugua ubao kwa migongo ya meno, kama mtu anayekula kwa kisogo. Alisema mishale ilikuwa inapingana. Nikamjibu kwamba mimi sijawahi kuona ubaya katika kupingana.

Ubao wa tatu una doa jeusi la ukubwa wa sahani. Zimebaki nne. Rafu zinazotakiwa ni sita.

Mke wangu alirudi kutoka kazini akanusa. Alichukua kamba, akaanza kufunga mnara wa kwanza wa vitabu, mafundo mawili mawili, kama vinavyofungwa vya kuuza kwa uzito.

Ijumaa, 10 Agosti

Naandika nikiwa nimejifunika blanketi. Ni baridi. Hakuna baridi.

Asubuhi nilikuwa na akili timamu kuliko siku zote. Bapa nililigeuza sawa (plagi nilichomoa, binti alikuwa amesimama hapo hapo). Nembo nje. Nimeifunika kwa rangi ya viatu. Kisha binti akaenda chuoni, na mimi nikabaki na swali la mwisho: ubao niulaze wapi? Kigoda kimeharamishwa. Meza ya chakula imefunikwa kwa makusudi. Nikatazama huku na huku, na jibu likanitazama pia.

Vitabu! Vizito, vya mraba, havitikisiki. Nikajenga mnara uani kwa vijitabu vyangu, safu nne, kwenda juu hadi magotini. Nakala mia mbili, hatimaye zinaubeba ulimwengu. Nikalaza ubao juu. Nikavaa tai, kwa sababu kazi ya mikono imedharauliwa vya kutosha na watu wanaoifanya bila heshima. Miwani ya kusomea. Kina cha bapa nikakishusha hadi mwisho. Mimi sifanyi mambo juu juu.

Ilikata! Mstari ulionyooka, ulionyooka kama hoja! Kipande kilianguka kwa adabu. Nilipiga kelele ya furaha, jirani wa kushoto akakimbilia ndoo.

Nikainua ubao niione kazi yangu. Chini yake, kwa unadhifu ule ule, nilikuwa nimekata Hoja Arobaini Dhidi ya Uvivu wa Fikra. Nakala nane kwenda chini, mara safu nne. Thelathini na mbili. Zimegawanyika katikati, kila moja, kuanzia dibaji hadi shukrani. Hapo ndipo nilipokumbuka lile sharti la bapa kutokeza kidogo tu.

Mwenye busara hurekebisha mbinu. Nikajenga minara miwili badala ya mmoja, mbali mbali, ubao ukawa daraja, nikate katikati ambapo chini ni hewa tupu. Hewa haina shukrani ya kukatwa. Nikajisifu. Nikasimama nyuma ya mashine moja kwa moja ili niuone mstari vizuri. Nikainama.

Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri. Halafu ubao, kwa kuwa katikati haukuwa na kitu cha kuushika, ukalegea. Ukashuka kama kitanda kibovu. Ule mpasuko ukafumba, ukalibana bapa kama mdomo unaouma kijiko. Na mashine, ambayo haiwezi kwenda mbele, ikaja nyuma. Kwangu. Sikuona kitu. Nilisikia tu mlio, upepo kidevuni, kisha giza la sauti: ilikuwa imepita kando ya mbavu, ikatua juu ya waya wake yenyewe, ikaukata, ikazima umeme wa nyumba nzima.

Nikasimama. Nikajishika. Tai ilikuwa imeishia vidole vitatu chini ya fundo.

Binti alinikuta hapo hapo aliporudi. Aliokota kile kipande cha chini, akakipima kwa jicho toka mahali kilipokuwa mpaka shingoni kwangu, akakikunja taratibu, akakitia mfukoni mwake. Akaketi kwenye ngazi. Akaniambia wodini kwao wapo kina baba wanne, wote walikuwa wanatengeneza kitu kidogo tu cha nyumbani. Huyu mtoto nilimfundisha kubishana tangu akiwa na miaka mitatu, na leo tumekaa wote wawili bila hoja.

Nilimwomba asimwambie mama yake. Akasema tayari.

Jumamosi, 11 Agosti

Milimita alifika saa mbili asubuhi. Nilijiandaa kwa kicheko. Nilikuwa hata na majibu, matatu, moja lenye nukuu.

Hakucheka. Aliokota mashine yake, akatazama waya. Akatazama minara miwili. Akaomba kuiona tai. Binti akamletea vipande vyote viwili. Akavishikanisha, akavirudisha.

Aliniambia aliyemfundisha kazi alikuwa na vidole saba. Mtu yule alikuwa na desturi moja: asubuhi kabla ya kufungua karakana kila mtu anahesabu vidole kwa sauti, na jioni kabla ya kufunga anahesabu tena. Hesabu zikilingana, siku ilikuwa nzuri, hata kama hakuna kilichotengenezwa. Akanitaka nihesabu.

Mbele ya mke wangu! Mimi, mtu wa hoja arobaini, nihesabu mpaka kumi!

Nilihesabu. Nilipofika kumi mke wangu aligeuka akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu kwa mtu ambaye hakuwa anapika kitu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na ulimi mkali kama kawaida. Alisema saa kumi na moja jioni bado ni saa kumi na moja jioni.

Basi shemeji akafanya kazi. Kwa mkono. Alikuja na msumeno wenye vijino vya mjusi, ule ule nilioukataa dukani, na mbao tatu kutoka kwake. Akabana ubao kwa vibano viwili. Akachora mstari kwa penseli, kisha akakata kando yake, upande wa kipande cha kutupwa, akiuacha mstari hai. Mivuto mitatu mifupi, halafu mipigo mirefu, bila kusukuma, bila haraka, sauti kama ya mtu anayepumua usingizini. Alisema msumeno unajua kazi yake, usiusaidie. Kipande kilipokaribia kuanguka aliniita nikishike ili kisichane ubao.

Hiyo ndiyo kazi niliyopewa. Kushika mwisho wa ubao na kunyamaza. Ya kwanza niliifanya vizuri. Nilivishwa miwani ya kinga juu ya miwani yangu, nikaonekana kama panzi aliyestaafu. Nilipomweleza kwamba njia yake ina udhaifu wa kinadharia, aliniambia nishike juu kidogo, shemeji.

Saa kumi na dakika ishirini rafu sita zilikuwa ukutani. Nilitafuta kosa kwa pimamaji ya shemeji. Nilitafuta tena.

Vitabu vimepanda vyote, isipokuwa vile thelathini na mbili. Mke wangu alifungua kamba alizozifunga mwenyewe Alhamisi, akabeba mnara wa mwisho mikononi mwake, akaupanga kwa mantiki ambayo, nakiri, ni yangu. Kumbe aliijua miaka yote. Kuhusu zile nusu nusu alisema pengine sasa atatokea mtu wa kuzimaliza.

Muuza karanga amejulishwa. Nasikia amesikitika.

Jumapili, 12 Agosti

Mama mkwe amefika salama, na mabegi mawili na mkongojo.

Nilimwonyesha rafu. Aliupapasa ubao kwa kiganja, maana haoni vizuri, akasema kazi safi, imetoka mkononi mwa nani? Nikasema ni kazi ya pamoja. Milimita alikohoa. Lakini ukweli ni ukweli: mimi ndiye niliyeshika upande wa pili, na bila upande wa pili hakuna ubao.

Baada ya chakula nikaona ni heshima kumsomea kidogo. Mtu asiyeona atapata wapi fursa kama hii? Nilianza na hoja ya kwanza. Kufikia ya tatu alisema amechoka na safari, baba, ngoja akajinyooshe. Nikamsindikiza hadi chumbani kwake na ya nne. Akasukuma mlango aufunge.

Haukufungwa.

Tulishangaa wote. Kumbe kwa miaka yote mnara wa falsafa ulikuwa umeushikilia mlango ule wazi, na hakuna aliyewahi kujua kwamba mlango wenyewe umeshuka na sasa unakwangua vigae. Unafika nusu, unakwama. Niliendelea kumsomea kupitia ile nusu iliyobaki. Hadi hoja ya kumi na tisa.

Jioni mama mkwe alimwita mke wangu pembeni. Nilisikia, kwa kuwa nilikuwa nasikiliza. Alisema mkwe wake ni mtu mwema, ana elimu nyingi, Mungu ambariki, na je, mlango huu unaweza kufungika lini?

Milimita ameutazama. Jumanne, akasema. Atakuja na msaidizi, waung'oe kwenye bawaba, waulaze juu ya meza, wabane, wapunguze milimita mbili kwa randa, warudishe.

Meza! Msaidizi! Randa! Operesheni ya kijeshi kwa ajili ya milimita mbili! Ndiyo siri zenyewe nilizoziandika ukurasa wa nane.

Jumatatu, 13 Agosti

Asubuhi. Nina nusu saa kabla ya basi la kazini. Mke wangu na binti wameshatoka. Mama mkwe bado amejilaza.

Nimefikiri. Mlango ni nini? Ni ubao uliosimama. Kwa nini ukilaze kitu ambacho tayari kimejishika chenyewe kwenye bawaba tatu? Hapa hakuna kulegea, hakuna kubana, hakuna mnara. Watu wa penseli wamejizoesha kuviangusha vitu kabla ya kuvikata. Ni mazoea tu. Makala inaweza kutoka hapa, na ndefu.

Nimepata kisu cha msumeno cha kukatia chuma, chembamba, kinaingia chini ya mlango bila shida. Nimekishika kwa taulo. Nimelala kifudifudi ukumbini, mkono mmoja ndani ya chumba, shavu kwenye vigae. Sioni ninapokata, lakini naona kwa hisia. Vumbi linaanza kutoka. Jeupe, kwa sababu ni la vigae, lakini mlango hauko mbali.

Mama mkwe ameamka, kitanda kimelia, miguu imeshuka sakafuni. Anauliza kwa sauti ya wasiwasi nani anakwangua huko chini, panya?

Nimemwambia asiogope, mama, ni mimi. Nimemwomba ainue miguu.